Si Kila Kiungulia ni Vidonda vya Tumbo

Katika mwezi wa Ramadhani, nyumba nyingi za Bagamoyo na za vijiji vya pwani vinavyofuatana kuelekea Dar es Salaam huwa na ratiba ileile ya usiku. Baada ya adhana ya magharibi watu hufuturu kwa uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi na samaki wa kupaka. Baada ya tarawehe wengine hula tena. Na kabla ya alfajiri huamka kula daku, kisha hurudi kitandani. Kunapopambazuka, baadhi yao huamka na moto kifuani unaopanda hadi kooni, pamoja na maji makali mdomoni. Moto huo una jina la siku nyingi katika Kiswahili, nalo ni kiungulia. Lakini mwenye nao anapofika kwenye dirisha la duka la dawa hasemi kwamba ana kiungulia. Husema: "Nipatie dawa ya vidonda vya tumbo."

Kauli hiyo fupi ina gharama kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jina la vidonda vya tumbo limegeuka kapu linalobebeshwa kila usumbufu ulio kati ya kitovu na koo: gesi, kichefuchefu, maumivu ya chembe ya moyo, kiungulia, na hata chakula kukwama kinapomezwa. Kapu likishajaa, dawa huwa moja, omeprazoli, na swali la ni ugonjwa gani hasa unaotibiwa haliulizwi tena. Makala haya yanatetea hoja moja: ukali wa kiungulia hauelezi hali ya umio. Kwa hiyo uamuzi wa nani anywe dawa nyumbani na nani achunguzwe hospitalini hauwezi kuachiwa maumivu, wala jina la mazoea. Uamuzi huo una dalili zake mahususi, na dalili hizo zinapaswa kujulikana na kila aliye njiani, kuanzia muuza dawa wa Zinga au Kerege hadi mtaalamu anayesoma vinyama kwa hadubini Muhimbili.

Viungo viwili, maradhi mawili

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi, unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwisho wake wa chini umezungukwa na msuli unaofunga mfano wa mdomo wa mfuko uliokazwa kamba: hulegea chakula kinapopita, kisha hukaza ili kilichokwisha kushuka kisirudi. Tumboni mna tindikali ya haidrokloriki, ambayo ukuta wa tumbo huistahimili kwa sababu umefunikwa na ute mzito. Umio haukupewa kinga ya kiasi hicho. Msuli wa chini unapolegea wakati usio wake, au unapozidiwa na shinikizo la tumbo lililojaa, la mimba au la kitambi, tindikali hupanda. Kila mtu hupatwa na jambo hilo mara chache bila kudhurika. Likijirudia na kuleta usumbufu au madhara, ndipo huitwa ugonjwa wa kucheua tindikali, na kiungulia ndiyo dalili yake kuu.

Vidonda vya tumbo ni jambo jingine. Hivyo hutokea katika ukuta wa tumbo lenyewe au wa mwanzo wa utumbo mwembamba, na vyanzo vyake vikuu ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na matumizi ya dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Barry Marshall na Robin Warren, Waaustralia waliomtambua bakteria huyo na kuonyesha kazi yake, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu hapo tiba imekuwa wazi: mgonjwa hupimwa, akikutwa na bakteria hupewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, na wengi hupona kabisa. Mwenye kiungulia akipewa antibiotiki hizohizo kwa kubahatisha, msuli wa umio wake hautakaza kwa ajili hiyo. Atakuwa amemeza dawa kali kwa ugonjwa asio nao, na atakuwa amewapa bakteria wengine mwilini mwake nafasi ya kujifunza usugu.

Kinachofanya kosa hili lidumu ni kwamba omeprazoli husaidia maradhi yote mawili, kwa kuwa hupunguza tindikali inayotengenezwa tumboni. Mtu akipata nafuu, nafuu huchukuliwa kuwa ushahidi: alisema ana vidonda, akanywa dawa ya vidonda, akapoa, kwa hiyo alikuwa na vidonda. Mwezi unaofuata dalili hurudi, naye hurudi dirishani kununua vidonge vilevile. Baada ya miaka mitano anaweza kuwa ametumia fedha nyingi kuliko gharama ya uchunguzi mmoja, na bado hakuna aliyewahi kuutazama umio wake.

Kinachoonekana kwa hadubini

Umio hutazamwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ni endoskopia, ambayo wagonjwa wengi hukiita kipimo cha kamera: mpira mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa mdomoni, na daktari huona utando wa umio na wa tumbo kwenye kioo. Ya pili, panapohitajika, ni kuchukua kinyama, yaani kipande cha utando kilicho kidogo kuliko punje ya mchele. Kinyama hicho huhifadhiwa katika formalini, hukatwa vipande vya unene wa mikroni chache, ambazo ni sehemu chache tu za elfu za milimita, hutiwa rangi za zambarau na waridi, kisha husomwa chini ya hadubini.

Utando wa umio wenye afya una tabaka nyingi za seli bapa zilizopangana. Chini kabisa ziko seli za msingi, ambazo huzaliana na kuzisukuma nyingine juu ili zichukue nafasi ya zile zinazochakaa. Kutoka chini pia huchomoza vidole vidogo vya tishu vyenye mishipa ya damu. Kwa kawaida tabaka la seli za msingi halizidi takriban asilimia 15 ya unene wa utando, na vidole hivyo havivuki theluthi mbili ya unene huo. Mwaka 1970 Ismail-Beigi na wenzake, watafiti wa Marekani, walieleza kwamba kwa watu wanaocheua tindikali mizani hiyo huvurugika: tabaka la msingi hunenepa na vidole hurefuka hadi kuukaribia uso. Maana yake ni kwamba seli za juu zinakufa mapema kuliko kawaida, na kiwanda cha chini kinafanya kazi mchana na usiku kuziba pengo. Mara nyingi huonekana pia chembe nyeupe za damu, za aina ya eosinofili na neutrofili, zimejipenyeza pasipo kawaida yake.

Baadaye hadubini ya elektroni ilionyesha badiliko jingine lililo dogo zaidi, lakini lenye kueleza mengi: nafasi kati ya seli na seli hupanuka. Mwenyeji wa Bagamoyo anaweza kulielewa jambo hili kwa kuyatazama majumba ya Mji Mkongwe. Ukuta wa mawe ya matumbawe unaweza kuonekana mzima kwa mtu anayepita barabarani, ilhali chokaa iliyoshikanisha jiwe na jiwe imekwisha kuliwa na chumvi, na kila mvua maji hupenya ndani. Katika umio kinachopenya ni tindikali, na inachokikuta ndani ni ncha za mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua vikali kifuani ilhali kamera haimwonyeshi jeraha lolote. Hali hii si ya wachache: zaidi ya nusu ya watu wenye dalili za kucheua tindikali huwa na umio unaoonekana wa kawaida katika endoskopia.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba tindikali huunguza umio kutoka juu kwenda chini, kama maji ya moto yanavyoubabua mkono. Mwaka 2016 watafiti wa Dallas, Marekani, walichapisha katika jarida la JAMA uchunguzi uliowahusisha wagonjwa 12 ambao umio wao ulikuwa umepona kwa dawa. Waliposimamishiwa dawa na kuchukuliwa vinyama baada ya wiki moja na baada ya wiki mbili, kilichoonekana mwanzoni hakikuwa uso uliobabuka. Zilikuwa chembe nyeupe za aina ya limfosaiti zilizojikusanya ndani ya utando huku uso wake ungali mzima. Wagonjwa 12 ni wachache, na uchunguzi mmoja haufungi mjadala. Hata hivyo uliipa nguvu fikra kwamba tindikali huzichochea seli kutoa ishara za kemikali zinazoziita chembe nyeupe, na kwamba mchochota unaofuata, yaani mwitikio wa kinga ya mwili wenyewe, ndio unaoujeruhi utando kutoka ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kinyume chake pia ni kweli. Wapo ambao umio wao umebadilika sana na hawasikii maumivu makubwa. Katika hali iitwayo umio wa Barrett, seli bapa za sehemu ya chini huondoka na nafasi yake hushikwa na seli ndefu za tezi, zinazofanana na zile za utumbo. Utando huo mpya huihisi tindikali kwa uchache kuliko ule wa asili. Mtu aliyeteseka miaka mingi anaweza kuona kiungulia kimepungua, akashukuru, kumbe kilichopungua ni hisia na tindikali ingali inapanda. Kwa hiyo anayeungua sana huenda hana jeraha, na asiyeungua sana huenda analo. Maumivu ni shahidi wa kusikilizwa. Hayafai kuwa hakimu.

Ni haki kusema pia kwamba hadubini nayo ina mipaka yake. Kunenepa kwa tabaka la msingi na kurefuka kwa vidole huonekana hata kwa watu wenye afya, kinyama kikichukuliwa katika sentimita mbili au tatu za mwisho wa umio. Mabadiliko hayo peke yake hayatoshi kuthibitisha ugonjwa. Kazi kubwa ya kinyama ni kutambua mambo ambayo macho hayawezi kuyaamua: umio wa Barrett, mchochota wa mzio unaoujaza umio eosinofili, fangasi na virusi kwa wenye kinga dhaifu, na saratani ikiwa ingali changa. Na kazi hiyo haifanyiki vyema iwapo msomaji wa kinyama hajaambiwa kimetoka wapi na kwa nani.

Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa wengine

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda hadi mwaka 1966 na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya taya ya watoto, alikusanya taarifa kutoka hospitali nyingi za Afrika kuhusu maradhi yaliyokuwa haba barani lakini mengi Ulaya na Marekani. Mojawapo lilikuwa ngiri ya kiwambo, ambapo sehemu ya juu ya tumbo hupenya na kuingia kifuani, hali inayoandamana sana na kucheua tindikali. Katika miaka ya 1970 Burkitt alidai kwamba ngiri hiyo ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu vyakula vyao vilikuwa na nyuzinyuzi nyingi. Uangalizi wake ulikuwa na thamani, kwani ulizitazama jamii kama zilivyokuwa wakati huo. Lakini uangalizi wa zama moja ukirithiwa bila kuulizwa huwa imani, na imani kwamba kucheua tindikali ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri bado ina wafuasi wake, ndani ya hospitali na nje yake.

Pwani ya leo si ile ya zama hizo. Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba takriban wanawake 28 kati ya kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mafuta ya kitambi huongeza shinikizo juu ya tumbo, na shinikizo hilo huusukuma msuli wa umio ufunguke. Kando ya barabara ya Bunju, Mapinga na Kiromo, chipsi mayai na soda huuzwa hadi usiku mwingi, na mlo mkubwa wa siku kwa wafanyakazi wengi wanaorudi kutoka mjini umekuwa ule unaotangulia usingizi kwa nusu saa. Kudai kwamba mtu wa pwani hapatwi na ugonjwa huu ni kumtazama babu yake.

Hata hivyo, yapo makosa ya upande wa pili, nayo ni kuiga hofu za wengine bila kuzipima. Norman Barrett, daktari wa upasuaji wa London, aliandika kuhusu hali inayobeba jina lake mwaka 1950. Yeye mwenyewe alidhani anaona tumbo lililovutwa kifuani, hadi Allison na Johnstone walipoonyesha mwaka 1953 kwamba ule ni umio wenye utando uliobadilika. Leo hali hiyo inajulikana kuwa njia ya kuelekea saratani ya seli za tezi, iliyoongezeka sana katika nchi za Magharibi. Lakini hata huko, miongoni mwa wenye umio wa Barrett ambao seli zake hazijaanza kuharibika, wanaopata saratani kwa mwaka hawafiki mmoja kati ya kila 100. Na katika Afrika Mashariki sura ya saratani ya umio ni nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusisha wagonjwa wa Muhimbili na wa Bugando, ulionyesha kwamba zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa na saratani ya seli bapa, ambayo haitokani na kucheua tindikali. Wataalamu huihusisha na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Katika mkoa wa Kilimanjaro watafiti walipima chai inaponywewa, wakakuta wastani wa nyuzi joto 70 hivi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 pengine husababisha saratani ya umio.

Kwa hiyo mwenye kiungulia wa Bagamoyo hana sababu ya kulala akiogopa saratani. Hatari yake kubwa iko kwingine: katika lile kapu la vidonda vya tumbo, miongoni mwa mamia wenye kiungulia cha kawaida, yumo mmoja ambaye chakula chake kinakwama, naye anapewa vidonge vilevile wanavyopewa wenzake.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa mvuvi wa Mlingotini mwenye umri wa miaka 55. Ana kiungulia cha miaka mingi, kwa hiyo dalili mpya haimshtui. Ugali humkwama kifuani, akauacha, akala wali. Baada ya wiki kadhaa wali nao humkwama, akahamia kwenye uji. Suruali humlegea kiunoni, naye husema ni msimu mbaya wa samaki. Katika kila hatua amenunua dawa ya vidonda, na kila mara amepata nafuu kidogo ya moto, kwa sababu tindikali imepungua kweli. Siku anapopanda gari kwenda hospitali kubwa hawezi kumeza hata mate, na mrija ambao ungefanyiwa upasuaji umebaki wa kuwekewa bomba la kupitishia uji. Mvuvi huyo ni wa kubuni, lakini wanaofuata njia yake si wa kubuni: kuchelewa ndiko kunakoelezwa tena na tena katika maandiko ya saratani ya umio nchini. Umaskini una sehemu yake katika kuchelewa huko. Jina lisilo sahihi nalo lina sehemu yake.

Hoja ya wanaopinga, na jibu lake

Wapo watakaosema kwamba kamera ni chache, nauli ni ghali, safari ya kilomita 70 hivi kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam humpotezea mtu siku nzima ya kazi, na kapsuli ni rahisi; basi watu waachwe wanunue dawa zao. Sehemu kubwa ya hoja hiyo ni sahihi. Wenye kiungulia wengi hawahitaji kamera. Kijana mwenye moto kifuani baada ya mlo, asiye na dalili nyingine, anaweza kutibiwa kwa kupunguza uzito uliozidi, kuacha sigara, kula mapema angalau saa mbili au tatu kabla ya kulala, kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20 badala ya kurundika mito, na kulalia ubavu wa kushoto. Ndimu, pilipili na achari hazimdhuru kila mtu. Aache kile anachoona kinamchochea. Katika Ramadhani, agawe futari katika milo miwili midogo, na baada ya daku akae kitako mpaka chakula kishuke. Akipewa omeprazoli, ainywe kila siku nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa wiki nane, si siku mbili za maumivu na siku tano za kusahau. Dalili zikikataa kuondoka, au zikirudi kila dawa inapokwisha, hapo amekwisha kuvuka mpaka wa duka la dawa.

Hoja hiyo inaanguka pale inapowatazama wote kuwa sawa. Uhaba wa kamera hauwi sababu ya kutochagua; ndio unaolazimisha kuchagua vizuri. Na kuchagua hakuhitaji mashine. Kunahitaji watu watatu wafanye kazi ndogo tatu.

Wa kwanza ni muuza dawa. Kabla ya kutoa kidonge aulize: je, chakula hukwama au huuma kinapopita? Je, mwili umepungua bila kukusudia? Je, kuna kutapika damu, kutapika kusikokoma, au choo cheusi kama lami? Je, dalili zimeanza ukubwani, au zimekuwapo miaka mingi? Jibu moja la ndiyo latosha kumwelekeza mtu hospitalini siku hiyo badala ya kumuuzia dozi nyingine. Aulize pia kama maumivu ya kifua huja kwa kutembea au kufanya kazi, yakiambatana na jasho, kukosa pumzi au maumivu ya mkono na taya. Huo huenda usiwe umio kabisa, bali moyo, na moyo haungoji kesho.

Wa pili ni daktari anayetuma mgonjwa au kinyama. Karatasi ya maombi iliyoandikwa neno moja, "kiungulia", humfikia mtaalamu wa maabara kama barua isiyo na anwani. Iandikwe umri wa mgonjwa, muda wa dalili, dawa alizotumia na lini aliziacha, kilichoonekana kwa kamera, na kinyama kimechukuliwa sentimita ngapi kutoka meno ya mbele. Omeprazoli yaweza kuponya uso wa jeraha na kuuficha ushahidi, na yaweza kufanya kipimo cha Helicobacter pylori kisimwone bakteria aliyepo. Ndiyo maana huachwa wiki mbili kabla ya kipimo hicho. Mistari hiyo minne au mitano humchukua daktari dakika mbili. Pasipokuwa nayo, mabadiliko yaleyale chini ya hadubini yanaweza kusomwa kuwa ugonjwa kwa mtu mzima wa afya, au kuwa afya kwa mgonjwa.

Wa tatu ni yule anayerudisha jibu. Kinyama kilichosomwa vizuri kisha majibu yake yakabaki kwenye faili la Dar es Salaam hakijamsaidia mtu wa Bagamoyo. Majibu yamfikie mgonjwa kwa Kiswahili anachokielewa, na nakala iifikie zahanati au hospitali iliyomtuma, ili mganga wake ajue kama anapaswa kuendelea na dawa, kuiacha au kumrudisha.

Vyuo vikuu vya afya navyo vina deni lao. Wanafunzi hufundishwa maradhi haya kwa Kiingereza, kisha hukutana na wagonjwa wenye neno moja tu la Kiswahili kwa yote. Ni wajibu wa vyuo kuirudisha lugha mahali pake: kiungulia kiitwe kiungulia, ugonjwa wa kucheua tindikali uitwe kwa jina lake, na vidonda vya tumbo viachiwe wenye vidonda. Mafunzo ya wauza dawa, vipindi vya redio, na mawaidha ya afya misikitini kabla ya Ramadhani ni mahali pa kuanzia, na havigharimu kama kamera moja.

Njia kati ya Bagamoyo na Muhimbili si ngeni. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo wa karne ya 19, ndiye aliyefadhili hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake, na jina hilo lingali linatamkwa kila siku katika jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Mali ya Bagamoyo ilisaidia kujenga tiba ya Dar es Salaam. Si vibaya tiba hiyo ikarudi Bagamoyo kwa umbo la maswali machache yanayoulizwa kwa wakati. Usiku wa leo mtu mwingine atasimama kwenye dirisha la duka la dawa na kuomba dawa ya vidonda vya tumbo. Kabla ya kumuuliza anataka vidonge vingapi, na aulizwe kwanza kama chakula kinapita.